Kurata Ameruhusiwa Kwenda Nyumbani

Ruolan ni binti wa kaka yangu. Mama yake alifariki Ruolan angali mdogo, nikamlea mimi hapa mjini Xiangyang, na nikamfundisha kusoma katika darasa langu pamoja na watoto wengine. Haya ninayoyasimulia, mengine aliniambia yeye, mengine niliyaona kwa macho yangu.

Alikwenda Kanazawa, Japani, kusomea shahada ya uzamili. Utafiti wake ulihusu utomvu mweusi unaopakwa kwenye mabakuli ya mbao yakang'aa. Utomvu huo haukauki juani. Hukauka ndani ya kabati lenye unyevu, na lazima mtu aukague kila asubuhi na kila jioni. Ni kazi ya subira, naye aliipenda.

"Bao," Miyake, mwanafunzi aliyemtangulia maabarani, alizoea kumtania akimwita kwa jina la ukoo, "wewe utaolewa na hilo kabati."

"Afadhali kabati, Kaka Miyake. Halikoromi kwenye semina."

Mlangoni mwa maabara palikuwa na ubao wa chuma. Kila mtu alikuwa na mstari wenye jina lake na sumaku nyekundu. Ukifika, unaisogeza sumaku yako penye neno "yumo". Ukiondoka, unaipeleka penye "ameenda nyumbani". Wa mwisho kutoka hufunga gesi, hutazama ubao, na kama kuna aliyesahau, humsogezea. Ndiyo adabu ya pale. Ruolan aliona kwamba mmoja wao, Kurata, alisahau kila siku. Hakuwahi kukutana naye. Alidhani anafanya kazi ghorofa nyingine.

Jioni moja ya mvua, mwezi wa Novemba, Ruolan ndiye aliyebaki wa mwisho. Akafunga gesi, akatazama ubao. Sumaku ya Kurata ilikuwa imegandamana na chuma, ikabidi aibandue kwa kucha. Akaisogeza penye "ameenda nyumbani".

Nyuma yake kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapoinuka.

Kesho yake alimkuta Miyake amesimama mbele ya ubao, koti hajalivua.

"Nani kamruhusu Kurata?"

"Mimi. Si alisahau?"

Miyake alimvuta hadi kwenye korido. Akanong'ona.

"Kurata alifia kwenye kile kiti cha dirishani, Bao. Huu mwaka wa pili. Profesa alimwambia asiende nyumbani mpaka sampuli zitoke safi, naye akatii. Sumaku yake hatujawahi kuigusa. Alikuwa ametulia pale."

"Alikuwa anaishi wapi?"

"Nyuma ya stesheni, lile jengo la ngazi za chuma. Chumba cha mwisho juu."

Hicho ndicho chumba alichopanga Ruolan.

Aliirudisha sumaku penye "yumo". Ikateleza. Akaikandamiza kwa kiganja. Ikateleza tena, taratibu, mpaka penye "ameenda nyumbani". Ikatulia hapo.

Mimi na Ruolan tulikuwa tukizungumza kwa video kila jioni, yeye na chakula chake, mimi na changu. Jumapili ile alikuwa anakula tambi. Nyuma yake, mlangoni, niliona mtu ameinama anavua viatu. Alivivua polepole, kama mtu aliyechoka sana. Kisha akavigeuza vikaelekea nje, kama wafanyavyo kule.

"Mwanangu," nikasema kwa sauti ya chini, "mgeni wako mbona humkaribishi?"

Hakugeuka. Vijiti vilisimama mkononi mwake.

"Kumbe na wewe unamwona, Shangazi."

"Namwona."

"Basi usimseme. Ndiyo kwanza anafika. Sasa atakuja kukaa."

Akaja. Akaketi mkabala naye. Uso sikuuona. Niliona mikono, myeusi mpaka kwenye viwiko, inang'aa.

"Rudi nyumbani, Ruolan."

"Nimebakiza majira haya ya baridi tu nitetee tasnifu. Nikiondoka sasa, miaka yote hii imekwenda bure. Na hanidhuru, Shangazi. Ila chakula."

"Chakula kina nini?"

"Nakula, sishibi. Anashiba yeye."

Nilimwona akikonda kila jioni. Mashavu yakabonyea. Shingo ikawa kama ya ndege. Akahama, akapanga chumba mtaa mwingine. Huko nako, jioni ilipofika, viatu vilivuliwa mlangoni. Nyumbani palikuwa popote alipokuwa yeye na chakula chake. Akarudi kwenye chumba cha kwanza.

Februari nilikwenda kumchukua. Nilimkuta kwenye ngazi za chuma, amekaa, hana nguvu za kumalizia kupanda. Nikaenda kwa Profesa kumwombea ruhusa. Ni mtu mpole. Alininywesha chai, akaniambia asingependa kumwona mwanafunzi mzuri namna hii akikata tamaa. Basi avumilie kidogo tu, mpaka sampuli zitoke safi.

Niliacha chai palepale. Shahada ikabaki Japani, nikamchukua mtoto.

Tulifunga mizigo mchana, jua limetoka juu ya theluji. Mlangoni Ruolan alivaa viatu, akakigeukia chumba kitupu, akainamisha kichwa. Akasema yale ninayowafundisha watoto wote wa Xiangyang wayaseme wanapoagana na mtu yeyote.

"Tumekusumbua. Ukipata nafasi, karibu kwetu."

Yalimtoka tu, kwa malezi. Nadhani hata hakusikia alichosema. Mimi nilisikia.

Ndani, sakafu ya mbao ililia mara moja, karibu na mlango.

Sasa ni majira ya kuchipua. Ruolan amenenepa, mashavu yamerudi. Anawasaidia watoto wangu hesabu, na wanamcheka anavyochanganya Kijapani na lugha yetu. Jana, tukiwa mezani, alinitazama kwa muda mrefu.

"Shangazi, mbona gauni linakupwaya? Huli?"

"Nakula, mwanangu. Nakula kuliko zamani."

Leo asubuhi niliingia jikoni kuchemsha uji. Kwenye kitambaa cha kukaushia vyombo palikuwa na mabakuli matatu, yameoshwa vizuri, yamepinduliwa. Katika nyumba hii tunaishi watu wawili.