Vipande vya Daftari la Bibi

Kila alasiri akitoka shule, Pilipili alikuwa na kazi tatu zisizobadilika. Kwanza, kumwandalia babu yake chai katika kikombe cha bati, sukari kijiko kimoja, maana Babu akiachiwa mwenyewe alitia vinne na kusahau kwamba ametia. Pili, kufagia nyuzi katika chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa chumba cha ushonaji cha familia. Tatu, kupitisha sumaku sakafuni ili kuokota pini, kwa sababu Babu alipenda kutembea pekupeku na hakuna aliyeweza kumkataza.

Jina la Pilipili alipewa na bibi yake kwa sababu ya hasira zake. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini alikuwa na hasira za mtu mzima aliyedhulumiwa shamba. Bibi ndiye mtu pekee aliyeweza kumcheka usoni akiwa amenuna, mpaka na yeye akacheka. Sasa Bibi alikuwa amefariki, mwaka ulikuwa unakaribia kutimia, na hasira za Pilipili zilikuwa zimekosa mtu wa kuzicheka.

Siku hizo hasira zote zilimwelekea Shangazi. Shangazi ndiye aliyeachiwa cherehani ya Bibi, na tangu aikalie alikuwa habanduki wala hatabasamu. Alipaka kuta rangi mpya. Alitupa kigoda cha Bibi. Mkebe wa vifungo, ambao Pilipili aliuchezea tangu hajajua kutembea, aliumwaga na kupanga vifungo kwa rangi katika chupa za plastiki.

"Anamfuta," Pilipili alimwambia Babu, meno yakiwa yamekazana. "Anamfuta Bibi kama mtu anayefuta chaki."

Babu alipuliza chai yake. "Bibi yako mbona anachelewa hivi? Amekwenda sokoni?"

Pilipili aligeuza uso, akajifanya anatafuta pini.

Hapo ndipo alipoamua kutengeneza kitabu cha kumbukumbu. Jumapili ya kutimia mwaka mmoja tangu Bibi afariki ukoo wote ungekuja, na alitaka kumpa Babu kitu cha kushika mkononi kila atakapouliza Bibi yuko wapi. Kwenye duka la mpiga picha kulikuwa na albamu zenye jalada la ngozi. Alipouliza bei aliondoka bila kuaga. Basi akakata majalada kutoka boksi la sabuni, akachukua kalenda za zamani zenye mgongo mweupe ziwe kurasa, akachemsha unga wa ngano kidogo na maji ukawa gundi. Uzi aliuokota sakafuni.

Kitabu kikapatikana. Cha kuweka ndani ndicho hakikuwepo. Picha za Bibi zilikuwa mbili tu: moja ndogo kama stempu, na nyingine amewapa watu mgongo, anashona.

Siku ya Jumanne, Shangazi alikuwa anatoka kwenda kununua zipu. Mlangoni aligeuka. "Pini bado ziko chini, huna macho? Na hiyo aproni kuukuu hapo msumarini, ichanechane. Itafaa kufutia cherehani."

Ile aproni ilikuwa ya Bibi. Bado ilikuwa na alama za chaki pale alipokuwa akijipangusa vidole.

Pilipili alingoja mlango ufungwe. Kwenye rafu aliliona daftari la vipimo, nene, lenye jalada la kitambaa cha jinzi. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: kifua, kiuno, urefu wa mkono, na maneno mawili matatu ya Bibi. Pembeni mwa kila ukurasa Bibi alishonea kipande cha nguo ya mwisho aliyomshonea mteja huyo, ili nguo ikichanika ajue uzi wa kuirekebishia. Vipande vyekundu, vya mistari, vya maua. Vilikuwa vizuri kupita kiasi, na kitabu chake kilikuwa kitupu.

"Kama yeye ana haki ya kuchana vya Bibi," Pilipili alisema kwa sauti, "na mimi ninayo."

Akashika mkasi. Vipande vilikuwa vimeshonwa barabara, na kila alipokata kimoja, karatasi ilichanika nacho. Alikata huku analia kwa hasira, ukurasa baada ya ukurasa, na alipotulia mfuko wake wa shule ulikuwa umejaa vipande, na daftari lilikuwa limebaki matambara. Ndipo hofu ilipomshika. Jiko la mkaa lilikuwa uani, bado lina moto. Alilisokomeza daftari humo, akarudi kuokota pini kama mtoto mwema.

Kesho yake Jumatano alikuja Bwana Posta, mzee aliyegawa barua mtaani hapo tangu ujana wake. Alitaka koti jipya.

"Usinipime," alimwambia Shangazi. "Vipimo vyangu marehemu mama yako anavyo. Hajapata kukosea hata mara moja."

Shangazi alinyoosha mkono kwenye rafu. Hakuna. Akatafuta chini ya meza, nyuma ya pasi, ndani ya makabati. Alipofika uani akasimama. Ndani ya jiko, pembeni ya majivu, kulikuwa na kipande cha jinzi kilichoungua nusu.

Aliyewasha jiko kila asubuhi alikuwa Babu, na aliwashia karatasi yoyote aliyoipata.

"Baba!" Shangazi alifoka mpaka Bwana Posta akavua kofia. "Baba, umefanya nini? Umewashia moto daftari la Mama!"

Babu alilitazama jiko, akaitazama mikono yake. "Mimi?"

"Nani mwingine?"

"Labda ni mimi," Babu alisema taratibu. "Siku hizi nafanya mambo nisiyoyakumbuka."

Pilipili alikuwa mlangoni na mfuko wa shule begani. Aliubana mfuko kifuani, akawaacha waamini hivyo. Shangazi alichukua kiti cha Babu, kile alichokalia kila siku akiangalia watu wanavyopimwa, akakipeleka chumba cha nyuma. "Huku mbele usije tena," alisema. "Kesho utachoma nyumba."

Pilipili alimkasirikia Shangazi kuliko siku zote. Alimkasirikia kwa kumfokea mzee, kwa kiti, kwa kila kitu. Hasira hiyo ilimfaa sana, kwa sababu kila alipokuwa nayo hakulazimika kujitazama mwenyewe.

Siku tatu Babu alikaa chumba cha nyuma. Kila aliyepita, Babu alimwomba radhi, mpaka mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake. "Nisameheni, nilichoma daftari." Jumamosi Pilipili alipompelekea chai, Babu alikisukuma kikombe.

"Rudisha, mjukuu wangu. Mtu anayechoma mali ya watu hastahili sukari."

"Babu, kunywa tu."

"Nakumbuka sasa," Babu alisema, macho yamemtoka. "Nakumbuka hata moto ulivyokuwa. Ulikuwa mkubwa. Nilisimama naangalia."

Babu alikuwa anakumbuka jambo ambalo hakulifanya. Alikuwa amesahau mengi mazuri, na sasa uongo wa Pilipili ulikuwa umeingia kuchukua nafasi yake.

Pilipili alikimbilia chumbani, akachukua mfuko, akaingia chumba cha mbele kwa kishindo. Muuguzi mmoja alikuwa amenyoosha mikono anapimwa. Pilipili aliumimina mfuko wote mezani.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Nimelikata mimi, nimelichoma mimi! Babu hajafanya kitu! Na wewe ndiye uliyeanza! Unatupa kila kitu cha Bibi! Kigoda! Mkebe! Umetaka nichane aproni yake!"

Muuguzi alishusha mikono polepole. Shangazi alivitazama vile vipande. Pilipili alijikaza kungoja kofi. Halikuja, na kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu sauti ya Shangazi ilishuka.

"Kigoda kilivunjika mguu, baba yangu nusura aanguke. Ukuta ulikuwa na ukungu, Bibi yako alikohoa humu ndani miaka miwili. Aproni nilitaka itoke mbele ya macho yangu, maana kila nikiiona nashindwa kushona, na nisiposhona hamli." Aliinua kipande kimoja. "Kila mtu hapa amepewa muda wa kulia. Mimi nimelia mguu ukiwa kwenye pedeli. Na usiku nikichoka nilifungua lile daftari, nikasoma mwandiko wa mama yangu. Hicho ndicho ulichochoma."

Pilipili alianza kuvikusanya vipande.

"Nenda kwa Babu kwanza," Shangazi alisema. "Mimi nimekasirika mno, sitaki kukuona. Nenda."

Pilipili alidhani Babu angempapasa kichwa, kama kawaida yake. Alimpigia magoti, akamweleza yote, mpaka mkasi. Babu alisikiliza, kisha uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Pilipili hakuwahi kuiona.

"Siku tatu," Babu alisema. "Siku tatu umeniacha nijione mwendawazimu?"

"Nisamehe, Babu."

"Toka."

Jioni hiyo Shangazi alimtupia futi ya kupimia na daftari jipya. "Utawapima upya wateja wote. Nyumba kwa nyumba. Ukiulizwa kwa nini, utasema ukweli."

Siku ya pili Pilipili alipofungua mlango wa mbele, alimkuta Babu kizingitini. Alikuwa amevaa viatu.

"Nyumba zao unazijua?"

"Sizijui, Babu."

"Nilizipelekea nguo miaka thelathini. Leta hivyo vipande." Akatangulia. "Na usidhani yamekwisha. Bado nimekasirika."

Walizunguka siku hiyo na wiki nzima iliyofuata, kila baada ya masomo. Babu aliyesahau sukari alikuwa akichukua kipande, anakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na kusema, "Huyu ni mama muuza maziwa. Kulia, nyumba ya geti la kijani." Hakukosea. Kila mlangoni Pilipili alisema yale yale, na kila mara uso ulimwaka: "Shikamoo. Nimekuja kukupima kwa sababu niliharibu daftari la Bibi, nikakata vipande vya kuweka kwenye kitabu cha kumbukumbu." Wengine walicheka. Mama muuza maziwa alimgombeza dakika nzima, maziwa yakafurika jikoni, akamgombeza na kwa hilo.

Kwa Bwana Posta, Pilipili alipima mabega, akaandika.

"Pima tena," Babu alisema. "Bega la kushoto limeshuka, kwa ajili ya mfuko wa barua. Bibi alikuwa anamtilia pamba upande huo, kidogo kidogo kila koti."

Bwana Posta alijishika bega. "Mimi?"

"Miaka ishirini."

Mzee yule alijitazama katika kioo. "Na mimi nilikuwa najisifu kwamba makoti yananikaa," alisema. "Hakuwahi kuniambia. Andika hilo, binti. Liandike kwenye kitabu chenu, pembeni ya kipande changu."

Hivyo ndivyo kitabu kilivyopata cha kuweka ndani. Kila nyumba ilitoa sentensi moja au mbili, na Pilipili aliziandika kama zilivyosemwa. Alipotaka kubandika kipande cha kwanza, Babu alikigeuza. Nyuma yake kulikuwa kumebaki kipande cha ukurasa, na maneno ya Bibi kwa wino wa bluu. Pilipili aliisukuma gundi kando. Alivishona vipande vyote ukingo mmoja tu, ili mtu aweze kukifunua kila kimoja na kusoma.

Jumapili ya kutimia mwaka, ukoo ulipojaa sebuleni, kitabu cha boksi la sabuni kilipita mkono kwa mkono. Shangazi alikipokea mwisho. Alifunua kipande cha kwanza, akauona mwandiko, akakaa chini. Alifunua vyote, kimoja kimoja, watu wakimngoja. Cha mwisho kilikuwa cha sare ya shule, kile ambacho Pilipili alikishona bila kuthubutu kukigeuza. Alikisoma, kisha akamvuta Pilipili karibu akisome mwenyewe.

*Pilipili. Acha pindo kubwa. Bado anakua.*

Pilipili alilia mbele za watu na hakujali.

"Sikiliza, mwanangu," Shangazi alisema, na sebule nzima ikasikiliza. "Kukasirika si kosa. Mimi mwenyewe nimekasirika mwaka mzima, na nilimhukumu baba yangu kabla ya kumwuliza mtu mwingine. Nimemwomba radhi. Lakini hasira haikupi ruhusa ya kuharibu, na ukishaharibu, sema siku ile ile. Ungesema Jumanne tungelia kwa ajili ya daftari tu. Ulinyamaza, na aliyebeba mzigo wako ni mzee asiyeweza hata kukumbuka kwamba si wake."

Kiti cha Babu kilirudi chumba cha mbele, pale pale. Siku hizi Pilipili akishamwandalia chai, humkuta na kitabu mapajani, anasugua vipande kwa vidole. Na karibu kila siku hukunja uso na kuuliza swali lile lile.

"Hivi vimekatwa kwenye daftari la bibi yako. Nani aliyekata? Ni mimi?"

Mara ya kwanza Pilipili alipoulizwa, Shangazi aliinua macho kutoka kwenye cherehani na kungoja. Sasa hangoji tena.

"Si wewe, Babu," Pilipili hujibu, kila siku, bila kugeuza uso. "Ni mimi."