Kibuyu Alichopewa Tunu

Kila jioni, akishamsaidia mama yake kuanika samaki, Nazari alichukua kibuyu chake na kukimbilia uwanja wa ngoma ya mganda. Pale Mbamba Bay hakukuwa na mtoto aliyemfikia kwa kupuliza kibuyu. Kibuyu chenyewe kilikuwa kidogo, shingo imepinda, na ubavuni kilikuwa na tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Nazari akiimba ndani yake, sauti yake ya kitoto ilitoka nzito, inatetemeka, na wachezaji watu wazima wakaifuata. Mjomba wake Ildefonsi, kapteni wa kikundi, alimpa wimbo wa kufungulia mashindano na watu wa Liuli.

Ndipo akahamia Tunu. Baba yake, Mzee Abdulkarimu, alifungua duka miaka ile bidhaa zilipoanza kujaa tena madukani, na redio kaseti yake iliimba kutwa. Tunu aliingia darasa moja na Nazari, na alipocheka, kijana wa watu akawa hoi. Akitumwa chumvi alikwenda mbio. Asipotumwa, alijituma.

"Bado unapuliza hako kabuyu?" Tunu alimtania siku moja. "Mganda mambo ya wazee, bwana!"

Nazari alicheka, lakini ilimchoma. Siku hiyo hakwenda mazoezini, wala siku iliyofuata. Jumamosi alikifuta kibuyu vumbi, akampelekea Tunu, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha thamani.

"Ni zawadi yako," alisema, akakimbia kwa aibu.

Jumatatu mama yake alimtuma sukari. Tunu aliinama kwenye gunia, akachota kwa kata mpya. Nazari akaitambua ile shingo iliyopinda. Kibuyu chake kilikuwa kimekatwa.

"Umekikata?"

"Mama alikuwa anahangaika kutafuta kata," Tunu alijibu, akishangaa. "Kwani nimekosea? Si ulinipa?"

"Nilikupa," alisema Nazari, akaondoka bila sukari. Alijificha nyuma ya vichanja vya samaki akalia mpaka kwikwi zikamshika. Kibuyu kimekwenda, na Tunu hata hakujua alichopewa.

Mjomba Ildefonsi alimkuta hapo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nani kakupiga?"

Nazari akamsimulia yote. Mjomba hakumcheka. Alikwenda kwake akarudi na kibuyu kikavu, hakijatobolewa.

"Toboa mwenyewe, na utando katafute mwenyewe. Nafasi yako bado ipo, ila mazoezi umeyakosa. Utatoka jasho."

Nazari alitoka jasho kweli. Siku ya mashindano alifungua wimbo, na uwanja mzima ukanyamaza kumsikiliza. Wimbo ulipokwisha, Tunu alipenya katikati ya watu.

"Kumbe ndivyo kinavyolia! Mbona hukuwahi kunipigia?"

Tunu akampungia mkono, akaondoka na wenzake wakicheka mambo yao. Moyo ulimuuma Nazari upya, machozi yakamlenga.

Mjomba alimshika bega. "Kupenda si kosa, mwanangu. Kosa lako ni kwamba ulimpa kibuyu kabla hajakisikia. Unayempenda mwimbie akujue ulivyo. Akikupenda, vizuri. Asipokupenda, utaumia, lakini wimbo wako utakuwa bado unao. Haya, futa machozi. Wachezaji wanakusubiri mstarini."

Nazari akafuta machozi, akainua kibuyu.