Wamegoma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alichota maji kwenye bomba la mtaa. Jina hilo alipewa na dada yake, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hakunyamaza. Alikuwa darasa la sita. Aliweka ndoo yake kwenye foleni, akasimama nyuma ya kina mama na kusikiliza mazungumzo yao. Habari za wakubwa zilimvutia sana, ila hakuna aliyewahi kumwuliza yeye neno.

Asubuhi moja jirani yao, muuza nyanya, aligeuka akamtazama.

"We Kasuku, nimemwona dada yako anaanika nguo. Chuo kimefunga?"

"Hakijafunga," alisema Kasuku. "Wamegoma."

Alimaanisha wakufunzi. Dada alikuwa amerudi jana yake na begi lake, akaeleza wakiwa mezani kwamba walimu wa chuo cha uuguzi hawajalipwa mishahara kwa miezi mingi, hivyo wameacha kufundisha mpaka walipwe. Kasuku alielewa vizuri kabisa. Lakini zamu yake ya kukinga maji ilikuwa inakaribia, akafupisha maneno.

Muuza nyanya alishika kiuno. "Mmesikia jamani? Mtoto analipiwa ada, halafu anagoma. Sisi tukigoma kula tu tulichapwa, sembuse kugoma kusoma."

Kina mama wakacheka. Kasuku alifungua mdomo aseme kwamba si wanafunzi waliogoma. Ila wote walikuwa wamemgeukia, na hata aliyekuwa anakinga maji aliacha maji yafurike ili amsikilize. Halikuwa limewahi kumtokea jambo kama hilo.

"Na askari wapo?" mmoja aliuliza.

"Wapo getini," alijibu. Ilikuwa kweli, walinzi walikuwapo siku zote.

"Na madarasa?"

"Yamefungwa kwa kufuli."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kila alichojibu kilikuwa kweli, na kila jibu lilizidi kuupa uongo nguvu. Zamu yake ilipofika alijaza ndoo, akajitwika, akaondoka akiwa na furaha.

Mchana wenzake wawili wa dada walikuja kumtembelea. Walikaa mkekani, madaftari yakiwa mbele yao, lakini hakuna aliyesoma.

"Ada tumelipa, masomo hakuna," alisema mmoja. "Kodi ya chumba nayo haigomi. Mwenye nyumba anabisha hodi kila siku."

"Wakirudi watatukimbiza," alisema wa pili. "Muhula mzima tuumeze kama dawa chungu, kisha twende wodini. Mgonjwa hatatuuliza kama mwalimu wetu alikuwa amegoma."

Dada alifunga daftari lililokuwa mbele yake. "Mimi siwalaumu," alisema. "Mkufunzi wetu wa ukunga anakuja kazini kwa miguu, na soli ya kiatu ameifunga kwa kamba. Ninachoogopa ni muda. Mjomba amenibeba mpaka hapa, sitaki achoke kabla sijafika."

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, fundi wa kuchomelea vyuma. Tangu baba afariki, yeye ndiye aliyemlipia dada ada. Karakana yake ilikuwa upande wa pili wa mji, na kwenye karakana habari hufika upesi, kwa kuwa kila anayesubiri geti lake ana la kusimulia.

Wiki ile ile mjomba alifika. Mama alikuwa kazini kwake, anakofanya usafi wa ofisi, na dada alikuwa ameenda chuoni kutazama ubao wa matangazo. Mjomba hakukaa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa ajili ya moto wa kazi.

"Ni kweli dada yako na wenzake wamegoma?"

Kasuku alitazama chini. "Watu wanasema hivyo," alijibu.

"Basi mwambie hivi. Kama yeye amegoma kusoma, na mimi nimegoma kulipa. Siwezi kuunguza macho yangu kwa ajili ya mtu anayechezea nafasi yake."

Jioni dada aliporudi, Kasuku alijua kwamba akisema yote ataulizwa habari zile zilitoka wapi. Kwa hiyo akasema kidogo tu.

"Mjomba alikuja. Amesema hataweza kulipa tena."

Dada aliketi taratibu, akamtazama mama.

"Mwacheni," alisema mama. "Ana watoto wake. Huenda kazi zimepungua na anaona haya kuniambia. Tusiende kumwaibisha."

Basi hakuna aliyekwenda kwa mjomba kumwuliza. Mama aliona anamwonea huruma mdogo wake. Mjomba, huko kwake, aliona dada hata radhi hakuja kuomba. Kati ya nyumba hizo mbili alikuwapo mtu mmoja tu aliyeujua ukweli, na mtu huyo aliyezoea kusema sana sasa alikuwa amenyamaza.

Dada alipata kibarua kwa dobi. Mgomo ulipokwisha, wakufunzi walirudi na usajili wa muhula ukafunguliwa. Wenzake walipita kumwita. Aliwaambia watangulie, naye angewafuata. Siku ya mwisho ya usajili ilipita akiwa kwenye beseni la sabuni.

Jumamosi moja mama alimtuma Kasuku ampelekee dada chakula. Alimkuta amesimama mbele ya meza, ameshika pasi ya mkaa. Juu ya meza kulikuwa na sare nyeupe za wauguzi wanafunzi, zenye nembo ya chuo chake kifuani. Zilikuwa za darasa lake, kwani walikuwa wanaanza mazoezi hospitalini Jumatatu. Dada alizipiga pasi moja baada ya nyingine, akitengeneza kola ya kila moja kwa uangalifu, kana kwamba ataivaa mwenyewe.

"Hii ni ya nani?" Kasuku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ya rafiki yangu, yule aliyekaa mkekani kwetu." Dada alitabasamu kidogo. "Yeye ana mabega mapana. Ukikosea mkunjo, inamkaa kama gunia."

Kisha akageuza uso, akajifuta macho kwa kitambaa cha kushikia pasi. Kasuku aliweka chakula chini, akatoka. Hakurudi nyumbani. Alivuka mji mzima kwa miguu mpaka kwenye karakana ya mjomba.

Mjomba alizima mashine, akavua miwani, akamsikiliza. Kasuku alisema yote: bombani, kicheko cha kina mama, utamu wa kusikilizwa, na ujumbe alioukata nusu. Alipomaliza, mjomba alikaa juu ya bomba la chuma, akainamisha kichwa.

"Twende kwa dada yako," alisema hatimaye.

Jumatatu mjomba na dada walikwenda chuoni. Mwandikishaji aliwapokea kwa upole, lakini usajili ulikuwa umefungwa. Dada angesubiri mwaka mwingine, aungane na darasa la nyuma yake. Mjomba aliahidi kwamba ada ingekuwa tayari kabla ya siku ya usajili.

Jioni waliketi wote wanne. Mama alimkumbatia mdogo wake, kisha wote wakamtazama Kasuku, ambaye alikuwa analia.

"Mpwa wangu," alisema mjomba, "mteja akinipa kipimo nusu, geti nitakalotengeneza halitafunga, hata kama kila chuma ni kizima. Wewe hukusema neno hata moja la uongo pale bombani. Lakini uliona watu wameelewa vibaya, ukawaacha. Huo ndio uongo wenyewe. Ukisema jambo, mtaje na aliyelitenda, na ukiona limepotoka, lirudishe siku hiyo hiyo, likiwa bado karibu." Akajigusa kifua. "Na fundi anayepokea kipimo bila kwenda kupima mwenyewe ana makosa pia. Nilipaswa kumwuliza dada yako. Sikumwuliza."

Kasuku alimsogelea dada yake. "Nisamehe, dada."

Dada alimvuta karibu, akampangusa machozi kwa kanga yake. Mikono yake ilinuka sabuni.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila leo usiniongeleshe habari za chuo. Kaa tu hapa."

Kasuku akakaa, asiseme neno.