Risiti Iliyokaa Juu ya Moto

Nyumbani kwa mzee Baltazar, katika kijiji cha Ruanda, wilayani Mbinga, vitu vyote vya maana vilikaa juu ya moto. Jikoni kulikuwa na uchaga, yaani jukwaa la miti lililofungwa juu ya mafiga. Mahindi ya mbegu yalining'inia pale. Moshi uliyapitia asubuhi na jioni, na hakuna mdudu aliyethubutu kuyagusa.

Kwenye uchaga huo kulikuwa pia na kopo la maziwa ya unga. Humo mzee alitunza cheti chake cha ndoa, vyeti vya ubatizo vya watoto na kadi yake ya chama cha wakulima wa kahawa. Karatasi zote zilikuwa na rangi ya chai, na zilinuka kama samaki mkavu. Lakini zilisomeka. Mzee Baltazar alijivunia kopo lile kama paroko anavyojivunia kanisa jipya.

Binti yake, Hildegardi, alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na shule. Ndani yake mlikuwa na kompyuta moja, mashine moja ya kuchapa na kutoa kopi, na kiti kimoja kisichoyumba. Hicho kilikuwa cha wateja. Mwezi wa tano, pawa saplai ya kompyuta ilikufa. Pawa saplai ni kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme. Hildegardi alinunua nyingine mpya mjini Mbinga. Aliporudi, alimkabidhi baba yake risiti.

"Baba, nitunzie hii. Kifaa kina waranti ya miezi sita."

"Waranti ndiyo nini?"

"Ni ahadi ya muuzaji. Kifaa kikiharibika chenyewe ndani ya miezi sita, wananibadilishia."

"Kumbe!" Mzee aliipokea karatasi kwa mikono miwili. "Basi hii ni mbegu."

Akaipeleka jikoni. Kopo lilikuwa limejaa. Akaichomeka risiti katikati ya mahindi, mahali penye moshi mzuri zaidi.

Zikapita wiki sita. Jumatatu moja asubuhi Hildegardi alibonyeza kitufe cha kompyuta. Kimya. Alibadilisha waya. Kimya. Taa ya kibandani ilikuwa inawaka, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Mezani palikuwa na mitihani ya muhula ya shule nzima, kwa mwandiko wa walimu, ikisubiri kuchapwa.

Aliibeba kompyuta mpaka nyumbani na kuiweka barazani.

"Mwalimu Ildefonce anataka mitihani hii Ijumaa," alimwambia baba yake. "Nikishindwa, ataipeleka mjini. Na kazi ikishazoea mjini, Baba, hairudi. Nitafunga kibanda."

Mzee Baltazar aliingia ndani, akatoka na bisibisi.

"Tulia, mwanangu. Mimi niliwahi kufungua redio."

"Na redio ikawaje?" aliuliza mkewe, mama Matilda, bila kuinua macho kwenye mboga alizokuwa anachambua.

"Tusiwaseme marehemu."

Walikuwa wameshakitoa kile kifaa cha umeme kwenye kompyuta, na bisibisi ilikuwa imeshagusa skrubu yake ya kwanza, waliposikia hodi. Alikuwa Dorah, afisa maendeleo wa kata. Alitokea Singida, na alipanga chumba nyumba ya jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Naomba uweke hiyo bisibisi chini, taratibu."

Mzee aliiweka chini kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Unaona hii stika ndogo juu ya skrubu?" Dorah alisema. "Ikichanika, muuzaji atasema mmekifungua wenyewe. Waranti inakufa papo hapo. Kukitoa kwenye kompyuta ni sawa. Kukifungua chenyewe, hapana."

"Kwa stika ya ukubwa wa kucha?"

"Kwa stika ya ukubwa wa kucha. Haya, boksi lake liko wapi?"

Mama Matilda alikohoa. Boksi lilikuwa jikoni, limejaa mbegu za maharage. Yakamwagwa kwenye ungo. Chini kabisa ilionekana kadi ya waranti, yenye mhuri wa duka, tarehe na namba. Dorah alilinganisha namba ile na namba iliyoandikwa kwenye kifaa. Zilikuwa sawa.

"Vizuri sana. Sasa risiti."

"Hiyo nimeitunza mimi," mzee alisema kwa fahari, akaenda jikoni.

Alipapasa katikati ya mahindi, akaivuta. Haikuungua. Haikuchanika. Ila ilikuwa nyeusi kama mkaa. Hapakuwa na herufi hata moja.

Mzee Baltazar alikaa kwenye kigoda. Vyeti vyake vilikula moshi miaka thelathini, vikabaki vyeti. Hii imekula wiki sita tu! Kupitia mlangoni alimsikia Hildegardi akicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Aliwaza kuwasingizia panya. Panya wana jina baya tayari, wasingeumia sana. Mwishoni aliikunja risiti, akaitia kwenye mfuko wa shati, akatoka.

"Ipo," alisema. "Nitaibeba mwenyewe."

Hakusema uongo. Ilikuwepo.

Kesho yake asubuhi baba na binti walikwenda Mbinga mjini. Ukutani pa duka palibandikwa tangazo: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Hildegardi alisita mlangoni. Kisha akakumbuka alivyoelezwa na Dorah: tangazo kama lile linamhusu mtu aliyebadili mawazo tu baada ya kununua. Kifaa kibovu chenye waranti ni jambo lingine, maana muuzaji ameahidi mwenyewe kwa mhuri wake.

Alimsalimu muuzaji, kijana aliyeitwa Victor, akaweka boksi na kadi mezani.

"Kifaa hiki kimekufa baada ya wiki sita. Naomba mnibadilishie. Hakijafunguliwa."

"Risiti?" Victor aliuliza.

Hildegardi akamgeukia baba yake. Mzee alitoa karatasi mfukoni polepole, kama anang'oa jino. Victor aliinyanyua kwenye mwanga, akaigeuza, akainusa.

"Hii imeungua, dada. Nyumba yenu iliwaka moto, siyo? Basi na kifaa kimeungua huko huko. Waranti haihusu moto."

Hildegardi aliitazama ile karatasi, kisha akamtazama baba yake.

Dukani kulikuwa na wateja watano. Mzee Baltazar alivua kofia.

"Kijana, nyumba yangu haikuungua. Hiyo risiti niliiweka mimi juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu, ili isiliwe na wadudu. Binti yangu hakujua. Yeye amefanya kila kitu sawasawa. Kama kuna wa kumnyima, ninyime mimi."

Mteja mmoja aliangua kicheko. Kutoka chumba cha nyuma akatokea mwenye duka, mama Restituta, miwani kichwani.

"Anayecheka kwao hakuna uchaga?" aliuliza. Kicheko kikakatika. "Mama yangu alitunza cheti changu cha ubatizo hapo hapo. Mpaka leo nikikitoa kwenye mkoba, paka wananifuata."

Aliichukua ile risiti.

"Mzee wangu, vyeti vyetu vimeandikwa kwa wino. Risiti hizi za mashine hazina wino. Karatasi yenyewe hugeuka nyeusi ikipata joto. Hata ukiitunza vizuri, herufi hufifia. Dawa yake ni moja. Siku unayoipata, itoe kopi."

"Kopi?" mzee alinong'ona. "Na binti yangu ana mashine ya kopi!"

Mama Restituta alikagua stika. Ilikuwa nzima. Alifungua daftari la mauzo, akakuta tarehe na namba ile ile ya kwenye kadi. Kisha alichomeka kifaa kwenye kipimio. Kimya. Alikinusa. Hakikunuka moto wala moshi. Kilinuka maharage.

"Victor, siku nyingine upime kwanza, ndipo ushuku. Wape kipya. Andika kwenye kadi, na uwatolee risiti kopi mbili."

Nje ya duka, Hildegardi alimshika baba yake mkono.

"Kwa nini hukuniambia jana? Tungempigia simu mama huyu mapema."

"Nilitaka ulale."

"Na wewe ulilala?"

"Nilipumzisha macho."

Hildegardi alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Alhamisi mchana mitihani yote ilikuwa tayari. Mwalimu Ildefonce aliikagua ukurasa kwa ukurasa, akakuta kosa moja tu, nalo lilitoka kwenye mwandiko wake mwenyewe. Palepale aliahidi kuleta na ya muhula ujao.

Siku hizi risiti za nyumba ile zinakaa kwenye faili chumbani, kila moja na kopi yake. Juu ya mafiga yamebaki mahindi na lile kopo la vyeti, maana mzee hajakubali kushindwa kabisa.

Ile risiti nyeusi iko kibandani, imebandikwa ukutani, juu ya mashine ya kopi. Chini yake mzee Baltazar ameandika kwa mkono wake, kwa wino: HII ILIKUWA RISITI. TOA KOPI HAPA.

Wateja wanaisoma, wanacheka, kisha wanaingiza mkono mfukoni na kutoa risiti zao.