Aliyemfundisha Askari Kuuma

Kila asubuhi kule Merikit, mashariki mwa Uganda, Emoit aliwafungulia ng'ombe wake wawili. Alupo mkewe aliwasha moto. Aanyu, binti yao wa miaka mitano, alifagia uwanja kwa ufagio uliomzidi urefu.

Tangu wezi waibe ndama wake, Emoit hakuwa na usingizi. Ndipo akaleta nyumbani mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Akamwita Askari.

"Huyu lazima akuwe mkali," alisema.

Basi kila jioni alimchokoza. Alimtia mkono mdomoni, akauvuta, akamsukuma pua. Askari akiuma, Emoit alicheka na kumtupia kipande cha nyama. Siku nyingine alimpaka pilipili puani, kama baba yake alivyofanya zamani. Alupo hakupenda mchezo huo, akaingia ndani.

Jumamosi moja Aanyu alimpelekea Askari maji. Akanyoosha mkono amshike kichwa. Askari akauma, na hakuachia upesi. Mtoto alilia kilio ambacho Emoit hakuwahi kukisikia. Damu ilimtiririka vidoleni.

Emoit akashika panga.

"Weka chini hiyo!" Alikuwa Truphena, jirani yao. Alizaliwa Busia, upande wa Kenya, akaolewa Merikit, na kazi yake ni kuchanja mifugo. "Mtoto kwanza! Mama Aanyu, lete sabuni na maji mengi."

Walimwosha kidonda robo saa nzima, maji yakimiminika kutoka kwenye jerikeni.

"Sasa nendeni hospitali, leo hii," alisema Truphena. "Kichaa cha mbwa kikishaanza, hakina dawa. Sindano ndiyo humkinga mtoto. Apate zote atakazopangiwa na daktari."

"Na mbwa, mimi nakata sasa," alisema Emoit.

"Ukimuua, tutajuaje kama anaumwa? Mfunge peke yake, ale, anywe. Tumwangalie siku kumi. Ukiona amebadilika, niite hapo hapo."

Siku kumi zile zilikuwa ndefu. Emoit alimpeleka Aanyu hospitali kwa kila sindano. Aanyu alikula kwa mkono wa kushoto, na Askari akibweka alijificha nyuma ya mama yake. Usiku aliweweseka.

Siku ya kumi Askari alikuwa mzima. Truphena akamchanja.

"Lakini bado anauma," alisema Emoit. "Nampiga fimbo mpaka anasikia?"

"Baba Aanyu, nani alimfundisha kuuma?"

Emoit alitazama chini. Aibu ilimshika. "Ni mimi," alisema.

"Basi sasa mfundishe kuacha. Fimbo itamtia woga, na mbwa mwenye woga huuma zaidi. Akikuuma mkicheza, acha mchezo. Simama kimya, kunja mikono, mpe mgongo. Akitulia, msifu. Mpe kamba nene atafune, maana meno yanamwasha. Pilipili basi! Na wote mfanye hivyo. Mmoja akicheka, mmerudi nyuma. Mtoto naye asiachwe na mbwa peke yao."

"Na wezi je?"

"Kazi ya mbwa ni kubweka. Kuamka ni yako."

Wiki ya kwanza Askari alimrarua Emoit suruali mara mbili. Emoit alisimama, mikono ameikunja, amekaza taya. Olupot, rafiki yake, alipita akamcheka.

"Wewe naogopa mbwa yako?"

"Mimi nafundisha," alijibu Emoit, asigeuke.

Siku moja ilikwenda vizuri, nyingine vibaya. Lakini mwezi wa pili Askari alikimbilia kamba yake badala ya mikono ya watu. Mgeni akikaribia zizi, alibweka mpaka Emoit atoke. Aanyu tu ndiye aliyekaa mbali.

Kisha jioni moja akatoka mwenyewe nyuma ya mama yake. Emoit alimshika Askari kwa kamba ya shingoni. Aanyu akanyoosha mkono ule ule wenye kovu, kipande cha muhogo kikiwa kwenye kiganja.

"Askari, polepole."

Askari akauchukua muhogo kwa midomo tu. Kisha akakaa, akamtazama Emoit.

Emoit alitaka kumsifu. Macho yake yalibaki kwenye kovu la mtoto.

"Baba, musifu," alisema Aanyu. "Anangoja."

"Vizuri, Askari," alisema Emoit, huku machozi yanamtoka. "Vizuri sana."