Mara Mbili Maana Yake Njoo

Bati la nyuma ya gari liligongwa mara mbili, ngo-ngo, na nyuma hakukuwa na mtu. Dereva alishuka, akazunguka, akaona barabara tupu na bonde. Akaguna na kurudi kwenye usukani. "Kokoto tu," akamwambia mkewe, ingawa gari lilikuwa limesimama.

Safari ilikuwa ya mama yake. Daktari wa macho alisema bila kuzungukazunguka: kabla ya mwaka kwisha, bibi huyu hataona kitu. Basi Dereva, aliyestaafu malori baada ya miaka thelathini, akakodi gari-nyumba lenye jiko, choo na kitanda kando ya dirisha la nyuma, akatandaza ramani mezani. Mkewe, fundi cherehani, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata, alitaka njia ya bondeni. Dereva akachagua ya mlimani, mama akaone vilele na maporomoko ya maji angali na macho. Kwenye kituo cha mafuta muuzaji aliwaonya: "Ukungu ukishuka, zimeni gari mngoje. Msirudi nyuma. Kule juu kuna wanaopenda kuelekeza watu." Dereva alicheka mpaka akakohoa. Kichwa chake kilikuwa kigumu tangu ujana.

Saa nane mchana ukungu ukashuka. Mbele, mwamba ulikuwa umeziba barabara, na pa kugeuzia hapakuwapo.

"Tungoje," mkewe akasema.

"Tungoje mwamba mwingine utuangukie? Shuka, mke wangu, uniongoze. Ukigonga bati mara mbili, nakuja. Mara moja, nasimama."

Akashuka. Ngo-ngo. Dereva akarudi nyuma taratibu. Ngo-ngo. Akarudi tena, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ndani ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na jasho likamtiririka mgongoni, na mlio ukaendelea, ngo-ngo, ngo-ngo, kwa kasi ambayo mtu anayetembea kinyumenyume kwenye kokoto hawezi, na mguu wake ukazidi kutii, kwa sababu kwa miaka thelathini ulifundishwa kuutii mlio huo.

"Mwanangu," mama akanong'ona kutoka kitandani. "Nani huyu ananichekea dirishani?"

"Mkweo, mama."

"Mkwe wangu hafiki dirisha hili hata akipanda kiti."

Dereva akainua macho. Mbele ya kioo, ndani ya ukungu, mkewe alikuwa anakuja mbio, anapunga mikono yote miwili. Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Kokoto ziliporomoka nyuma, na hakuzisikia zikifika chini.

Mkewe aliingia meno yakigongana. "Uliniita mbele! Mara tatu umeniita!"

"Sikufungua mdomo."

Walishikana mikono, wakaomba kila dua waliyoijua na nyingine wakaziungaunga, mpaka ukungu ulipoinuka. Ndipo Dereva alipoona dirisha la mama liko wazi, upana wa kiganja.

"Mama, nani kafungua?"

"Mimi. Kanibishia hodi," mama akasema. "Maskini, alikuwa na baridi."

Nyumbani, siku ya tatu, mkewe alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Mama akampokonya, akautunga mara moja, tena gizani. Daktari wa macho alipima, akapima tena, akayakata maandishi yake ya awali. Dereva alilia kwa furaha. Mkewe hakulia, alianza kulala na taa.

Siku ya kumi Dereva alikuwa juu kabisa ya ngazi za nyumba, amezipa kisogo, anabadilisha balbu ya ukutani. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuja kwanza. Kisha mama, kutoka chumbani kwake, akagonga ukuta kwa kucha, ngo-ngo, polepole, kwa upole wa mzazi, na kabla Dereva hajajua anafanya nini, mguu wake wa kulia ulikuwa umeshapiga hatua nyuma.