Makubadhi Mlangoni kwa Bibi Haru

Zamda binti Kondo alikalia mzigo wa mtu pale kwenye kivuko cha Ndundu, na yote yaliyomfika mwaka ule wa thelathini na sita yalianzia hapo.

Ukingo wa mto ulikuwa umejaa watu, mbuzi na magunia ya pamba, na kila mtu alikuwa akigombania kivuli. Zamda aliona kasha limekaa peke yake chini ya mti, akajitupa juu yake.

"Bibie, umekalia mkono wangu wa kulia," sauti ikasema nyuma yake.

Akaruka. "Mkono gani huo umefungwa kamba?"

"Cherehani. Ndiyo inayonilisha. Ukiivunja, itabidi unilishe wewe."

Alikuwa kijana mrefu, jina lake Mfaume, kanzu nyeupe, kofia ya vito. Zamda alimkagua mpaka miguuni, akakuta makubadhi ambayo kamba ya mguu mmoja ilikuwa imeshonwa upogo kwa uzi wa buluu.

"Fundi, kiatu chako mwenyewe umekishona hivyo, nguo za watu zinakuwaje?"

Mfaume alicheka, lakini alichelewa kidogo kucheka. Zamda hakulitia maanani. Alikuwa akitoka Mohoro na talaka yake mkononi, eda imekwisha, anakwenda Kibiti kukaa kwa baba yake mdogo, na ilikuwa siku nyingi hajamchekesha mtu.

Miezi miwili baadaye wazee wa Mfaume wakaleta barua ya posa. Baba mdogo, Mwinyimvua, aliipokea na kuahidi kujibu Jumanne baada ya alasiri. Kwao barua iliyorudishwa hairudi tena mlango ule, ukikataa umekataa. Kwa hiyo Zamda akaomba jambo ambalo shangazi zake walilishikia mashavu.

"Baba, nipe siku moja nikatembee naye. Mchana kweupe, sokoni, mbele za watu. Wa kwanza nilimjua baada ya ndoa. Huyu nataka nimjue kabla."

Mwinyimvua alimpenda sana mtoto huyu wa marehemu kaka yake. Alikuna ndevu, akasema, "Alasiri uwe hapa, na jibu uwe nalo."

Basi Jumanne asubuhi wakaenda Ujapani.

Ndivyo watu walivyopaita pale nyuma ya soko, vibanda sita tu, ambapo familia tatu za Wajapani zilizofuata biashara ya pamba zilikuwa zimefungua maduka. Zamda alivaa kanga mpya, akapaka wanja mzito, akajifukiza udi mpaka mbuzi wa jirani akapiga chafya. Mfaume alimngoja penye kona, akijipangusa jasho ambalo jua la saa tatu halikuwa na sababu ya kulitoa.

"Umependeza, laazizi."

"Sema nimependeza nini."

"Yote."

"Hilo jibu la mwanamume asiyeangalia," alisema Zamda, nusu utani.

Waliingia duka hadi duka. Palikuwa na miavuli ya karatasi, viatu vya mpira, mabakuli ya kauri yaliyochorwa samaki, vioo vidogo vya mkononi. Zamda alikuwa akishika kila kitu, lakini jicho lake lilikuwa kwa Mfaume. Akaona mambo. Alipompa kitambaa auchague uzi unaolingana, Mfaume alikirudisha haraka: "Chagua wewe." Alipomwonyesha maandishi ya kanga, alisema, "Nisomee, sauti yako tamu." Alipomnyooshea kioo wajitazame wawili, Mfaume alirudi nyuma hatua mbili. Mwanamume huyu ana nini, alijiuliza Zamda, mbona kila nikimsogelea anarudi nyuma?

Katika duka la nne walimkuta Bibi Haru, Mjapani wa makamo mwenye uso mwororo, ambaye mumewe alikuwa Dar es Salaam kwa mizigo. Mlangoni aliacha viatu vyake vya mbao vyenye kamba nyekundu, na wageni nao huvua, kama tufanyavyo sisi. Alimwinamia Zamda kwa heshima. Kisha akamsogelea Mfaume na kumnong'oneza, ila Kiswahili chake hakikujua kunong'ona.

"Fundi, saa saba. Nyuma. Usisahau."

Mfaume akawa mwekundu kama pilipili mbivu. Zamda akauliza, "Saa saba kuna nini?"

"Mambo ya kazi tu. Vifungo."

Vifungo! Zamda alikuwa amewahi kuambiwa Mohoro kwamba ni mambo ya kazi tu. Miezi saba alikuwa akiambiwa hivyo, mpaka siku alipopita uchochoroni na kuyakuta makubadhi ya mumewe kwenye mlango wa nyumba asiyoijua, pamoja na ndara za kike. Ndivyo alivyopata kujua kuwa ana mke mwenzie.

Walikula kwa mzee mmoja wa Kijapani aliyekaanga samaki barazani. Wali ulikuja mweupe, bila nazi wala chumvi.

"Huu wali umefiwa?" Zamda akauliza, na Mfaume akacheka kwa nguvu kupita kiasi. Samaki alikuwa mtamu lakini, amepakwa mchuzi mweusi wa chumvi, na palikuwa na vipande vya figili za njano vilivyolia mdomoni. Ikaja chai ya kijani isiyo sukari. Wakajaribu vijiti, wali ukaangukia kanzuni, wakarudi kwenye mikono. Kwa muda mfupi Zamda alisahau hofu yake na kuona raha kabisa. Akawaza, nitasema ndiyo.

Hapo adhana ya adhuhuri ikasikika. "Nikimbilie msikitini," alisema Mfaume. "Ningoje, roho yangu. Sikawii."

Zamda alingoja. Waliokwenda kuswali walirudi mmoja mmoja, wakanywa chai, wakaenda zao. Ilipita saa nzima. Chai ikapoa. Akajiambia asiinuke. Akainuka. Akajiambia asipite nyuma ya duka la nne, na miguu ikampeleka huko huko.

Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Kizingitini vilikuwapo viatu vya mbao vyenye kamba nyekundu, na pembeni yake makubadhi makubwa yenye uzi wa buluu ulioshonwa upogo.

Zamda hakubisha hodi. Angebisha, hadithi ingekuwa fupi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye aliondoka mbio na kanga mdomoni ili sauti isitoke.

Alimkuta baba yake mdogo barazani, katoka kuswali, barua ya posa iko mapajani.

"Irudishe," alisema Zamda.

"Mwanangu, kaa kwanza. Sababu?"

"Viatu vyake nimevikuta kwa mwanamke. Mlango wa nyuma."

"Na yeye umemwona?"

"Baba, viatu havijipeleki!"

Mwinyimvua alishusha pumzi. Alikuwa ameshainua mkono amwite mtu wa kuipeleka barua, mara Mfaume akatokea akikimbia, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini. Usoni alikuwa na miwani.

Miwani yenyewe mikubwa, ya duara. Zamda alimtazama, asijue alie au acheke.

"Shikamoo, Mzee. Zamda, nisikilize. Bibi Haru alikuona dirishani ukitazama viatu. Ana sanduku la miwani. Unajaribu moja moja mpaka upate inayokufaa. Nilijaribu thelathini." Alikuwa akihema. "Kitu cha mbali nakiona. Cha karibu ni ukungu, tangu utotoni, na mwaka huu umezidi. Sindano naipapasa."

"Ukaniambia unakwenda kuswali!"

"Nilidanganya, na adhuhuri ikanipita. Niliogopa. Nani ataozesha binti yake kwa fundi asiyeona sindano?"

"Mimi siozeshi," alisema Mwinyimvua, na uso wake ukabadilika. "Huyu alikwishateseka. Utamlisha nini?"

Hapo Zamda akasikia jambo la ajabu. Yeye aliyetaka barua irudishwe, sasa hakutaka irudi. Akaingia ndani, akatoka na sindano na uzi.

"Tunga, Baba aone."

Mfaume alipokea. Mara ya kwanza uzi ukapita pembeni. Mara ya pili jasho likavitia vioo ukungu. Zamda akapiga magoti mbele yake, akamvua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanga na kumvisha tena. Mara ya tatu uzi ukapenya.

Mfaume akainua kichwa afurahi, na uso wa Zamda ulikuwa pale pale, karibu kuliko ulivyowahi kuwa. Furaha ikamkauka.

"Pembeni ya jicho lako," alisema polepole. "Chini ya wanja. Lile kovu ni la nini?"

Zamda akaweka mkono haraka. Kisha akauondoa.

"Kikombe," alisema. "Alinitupia yule wa Mohoro. Siku nilipomuuliza habari ya vile viatu."

Mwinyimvua, aliyeambiwa kwamba Zamda alianguka kisimani, alisema kwa taabu, "Mbona hukuniambia?"

"Ulimchagua wewe, Baba. Sikutaka uumie."

Mzee aligeuza uso ukutani. Mfaume alikaa na sindano yake, machozi yakimtiririka chini ya miwani bila kuyaficha.

"Mimi nimeficha macho, wewe umeficha kovu," alisema mwishowe. "Tusifichane tena, Zamda."

"Tusifichane. Na adhuhuri yako uilipe." Akamgeukia baba yake mdogo. "Neno langu la kwanza nimelifuta. Namtaka."

Mwinyimvua aliikunja barua, akaitia mfukoni upande wa moyo.

"Desturi ni wazee waje Ijumaa," alisema. "Lakini Ijumaa ni mbali. Waambie waje kesho."